Swila wa banda la kuku Mabogini, kisa kizima pamoja na panya waliomleta

Hiki kisa kimezunguka sana hapa Moshi kwa sauti za WhatsApp na kila anayekisimulia anaanzia pale swila alipomtemea dogo mate machoni, anaishia pale vijana walipoua nyoka, basi, wanacheka wanaendelea na mambo mengine. Kwangu mimi hiyo ni nusu tu ya kisa, tena nusu nyepesi. Mwenye nyumba ni shangazi yangu, amekubali niandike ilimradi nisitaje majina ya watu, kwa hiyo nitawaita kwa nafasi zao tu, na tutakwenda nacho tangu kilipoanzia, miezi kadhaa kabla ya huyo nyoka kuonekana.

Kwanza eneo, maana asiyejua eneo atabisha bure. Mabogini ipo kusini ya Moshi mjini, ukishuka huko joto linapanda na udongo unakuwa mweusi wa kunata. Ndo kwenye skimu ya Lower Moshi, ile ya mpunga iliyojengwa miaka ya 80 kwa msaada wa Wajapani, majaruba na mifereji kila upande, afu ukienda mbele unaingia kwenye miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC ambayo ipo tangu 1930. Sasa maji mwaka mzima maana yake vyura mwaka mzima, mpunga na mahindi maana yake panya hawakosi kazi, na miwa ikichomwa kabla ya kukatwa kila chenye miguu na kisicho na miguu kinatafuta pa kukimbilia. Mtu wa Kibosho juu huko kwenye migomba na baridi anaweza kukwambia swila anamsikia tu, mtu wa huku chini hawezi kusema hivyo.

Uwanja wa shangazi uko hivi: nyumba yake mbele, nyuma vyumba vya kupanga, pembeni banda la kuku wa kienyeji, na stoo ambayo zamani ilikuwa jiko la kuni. Kwenye ukuta wa nyuma kuna tofali za kuchoma zilizobaki tangu alipojenga, juu yake mabati chakavu, juu ya mabati kuni, yaani gorofa tatu za bure kwa mdudu yeyote anayetafuta makazi. Ng'ambo ya ukuta ni pagale la mtu anayeishi Dar, halina paa upande mmoja na majani yamefika kiunoni.

Mahindi yakavunwa, shangazi akajaza stoo. Gunia zimelala sakafuni moja kwa moja, mengine bado yako kwenye magunzi hayajapukuchuliwa, mlango una pengo chini unaweza kupitisha mkono. Haikuchukua muda panya wakawa wanakimbizana juu ya dari la jipsam usiku kucha mpaka wapangaji wakaanza kulalamika. Shangazi akafanya anachofanya kila mtu, akanunua sumu ya panya kwa machinga, vile vipakiti, akachanganya na dagaa akaweka kwenye kona. Wakafa baadhi, harufu ikanuka darini wiki nzima, paka wa mpangaji mmoja naye akafa, na baada ya muda mbio za darini zikarudi kama zamani.

Kwenye lile pagale kulikuwa na bundi, hawa wenye uso mweupe kama sahani. Usiku alikuwa anatoa ile sauti yake ya kukwaruza watu wanasema anaita msiba, vijana wakampiga manati mpaka akafa na mmoja wao aliringa nayo hiyo. Nakitaja hiki kitu hapa kwa makusudi, kiwekeni pembeni kwanza tutakirudia.

Afu mayai yakaanza kupotea. Hapa ndo palinikera kuliko sehemu nyingine zote za kisa, maana shangazi hakumfikiria mnyama, alimfikiria mpangaji. Kuna dada anauza maandazi asubuhi, yeye anahitaji mayai, yeye anaamka saa kumi alfajiri kabla ya watu wote, basi kesi ikaisha hapo hapo bila shahidi, akawa anarushiwa vijembe hadi akaacha kupita karibu na banda. Wakati ushahidi ulikuwepo wazi kwa anayeangalia. Panya akila yai anaacha maganda na uchafu, mtu akiiba kwa kawaida anachukua ya kutosha kumfaa, ila hapa yalikuwa yanaondoka moja, mawili, bila ganda hata moja, usiku, na kuku wanapiga kelele fupi kisha kimya. Hiyo ni dalili ya kitu kinachomeza yai zima. Inaweza kuwa kenge, inaweza kuwa nyoka. Maandazi hayahusiki.

Jibu lilikuja lenyewe siku mtoto wa shangazi alipovuta bati moja akakuta gamba, refu, kavu, limetoka zima. Hofu ikaingia uwanjani. Na kilichofanyika baada ya hapo mnaweza kukitabiri: mafuta ya taa yakamwagwa kuzunguka banda, oili chafu kutoka gereji, kitunguu saumu kikapondwa, mtu mwingine akaleta kiberiti cha unga. Jirani yetu mmoja mzee, sisi tunamwita meku, akasema huyo sio nyoka wa kawaida, ametumwa, na akawa na jina la aliyemtuma kabisa. Mchungaji akaja akaomba, sina neno na hilo, maombi hayakumdhuru mtu. Ila zile tofali hazikuguswa hata moja, na gunia zilibaki sakafuni. Hela ya oili na mafuta ya taa ingetosha kumlipa kijana wa kuhamisha tofali zile asubuhi moja. Na mkumbuke mvua moja tu ikinyesha hiyo duara yote ya oili inaishia kwenye mfereji wa jirani anayemwagilia mchicha.

Sasa usiku wenyewe. Dogo mpangaji, dereva wa bodaboda, amerudi kazini usiku, kuku wanapiga kelele. Kapaki pikipiki, kavua helmeti kaitundika kwenye kioo cha pikipiki, kawasha tochi ya simu, kaenda kuinama kwenye mlango wa banda. Nyoka alikuwa kati ya tofali na banda, na dogo kwa mujibu wake hakumwona mpaka aliponyanyuka na kutanua shingo, umbali wa kama hatua mbili, na hapo hapo akahisi kitu cha maji usoni halafu moto. Akaangusha simu akawa anapiga kelele anajisugua macho kwa viganja.

Hapa ngoja nieleze mnyama kidogo maana watu wanadhani swila anatema kama mtu anavyotema mate. Meno yake ya sumu yana tundu linaloangalia mbele, sio chini, akibana tezi sumu inaruka kama mrija ulioziba nusu, na anaweza kufika mita mbili hadi tatu. Analenga uso. Hakulenga dogo kwa sababu ya jina lake wala kwa sababu meku anadhani kuna mtu mahali fulani anamchukia, alilenga kitu kinachosogea na kung'aa mbele yake huku yeye amebanwa ukutani hana pa kutokea. Kwa swila huo ni ulinzi, hawezi kumla mtu na hapati faida yoyote kumtemea. Kwa maelezo ya waliomwona baadaye, mweusi juu, shingoni chini ana mkanda wa rangi ya waridi iliyofifia, huyo ni yule wanasayansi wanamwita Naja nigricollis, na chakula chake ni vyura, panya, mijusi, vifaranga, mayai, hata nyoka wenzake. Soma hiyo orodha tena afu ufikirie uwanja wa shangazi.

Ikishafika jichoni hiyo sumu inachoma sana, kope zinavimba, na ikiachwa inaweza kuchubua kioo cha jicho mpaka kidonda, na kidonda kikiingia wadudu mtu anapofuka. Ikiangukia kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda haina shida kubwa, unanawa tu. Kwa hiyo kila kitu kinategemea dakika za mwanzo kwenye jicho.

Dogo alipata bahati ya watu. Majirani walitoka, mmoja anakimbilia maziwa, mwingine anasema asiguswe mpaka apelekwe hospitali, mwingine anataka kukamua limao eti linakata sumu, Mungu wangu, limao kwenye jicho lililochubuka. Aliyemwokoa ni yule yule dada wa maandazi. Aliwahi kufanya kibarua kwenye miwa na huko kazini alishawahi kuona mtu ametemewa, akamshika dogo akamlaza ubavu, akamwambia "tulia mdogo wangu, fungua jicho, usisugue", akawa anamwagia maji kwa kikombe kutoka kwenye ndoo, taratibu, mfululizo, ndoo ya kwanza ikaisha wakaleta ya pili. Huo ndo utaratibu sahihi wenyewe, maji safi mengi kwa dakika kumi na tano hadi ishirini bila kusimama, kope zikiwa zimefunguliwa. Maziwa sio uchawi wala sio haramu, kama upo porini huna maji tumia maziwa au kimiminika chochote kisichounguza, ila ukiwa na ndoo ya maji mbele yako kukimbilia jirani kutafuta maziwa ni kupoteza muda ambao sumu inautumia.

Kosa likaja baada ya hapo. Macho yalibaki mekundu na yanauma, usiku ule ule wakapita famasi moja, muuzaji akawapa dawa ya matone yenye deksamethasoni, yaani steroidi, ndani yake, ile inayouzwa kwa kila jicho jekundu. Sina nia ya kumtaja wala kumfunga mtu, hii tabia ipo kila mahali, ila lazima isemwe: dawa za kundi hilo zinatuliza wekundu kweli, lakini kama kioo cha jicho kina mchubuko zinazuia kisipone na zinawapa wadudu nafasi. Dogo alitumia matone mawili matatu akasikia nafuu, akataka asiende hospitali kabisa, pikipiki ya mtu, hesabu ya bosi inamsubiri kesho yake. Dada akasimama kidete, kesho asubuhi akampeleka. Hospitali wakamwekea ile rangi ya njano inayong'aa kwenye mwanga wa bluu, wakaona jicho moja lina mchubuko, wakamwambia aache yale matone, wakampa antibayotiki ya jicho na miadi ya kurudi. Hakuchomwa dawa ya sumu ya nyoka, na hapa kuna watu walilalamika kwamba hospitali imewabania. Haikuwabania. Sumu iliyoishia jichoni haihitaji ile sindano, inahitaji maji, kinga ya maambukizi na kufuatiliwa. Alipona, anaona vizuri, anaendesha.

Nasimama kidogo kwenye hili la sindano kwa sababu siku nyingine haitakuwa mate, itakuwa jino. Swila huyo huyo akikung'ata, sumu yake kazi yake kubwa ni kuharibu nyama, mguu unavimba, ngozi inakuwa nyeusi inakufa, na moma ambaye wengine wanamwita kifutu anafanya hivyo hivyo, tena moma ndo hatari zaidi kwa mtu anayetembea gizani kwa sababu hakimbii, anajilaza anategemea rangi yake imfiche mpaka unamkanyaga. Kwa sumu ya namna hiyo ukifunga kamba kwa nguvu unaikusanya sehemu moja na unaukatia mguu damu, ukichanja kwa wembe unaongeza kidonda na damu. Lile jiwe jeusi linalonata kwenye jeraha, ambalo nyumba nyingi huku wanalo kwenye droo, ni mfupa uliochomwa, unanata kwa sababu una vitundu vinavyonyonya unyevu wa juu, sumu iliyoshaingia kwenye nyama hauifikii. Mvue pete, saa, bangili, viatu, mguu usitikisike, mtu atulie, gari.

Na gari liende wapi, hilo ndo swali la pesa na la mipango. Dawa ya sumu ya nyoka barani kwetu imekuwa shida kwa miaka, Sanofi ya Ufaransa iliacha kutengeneza dawa yake ya Fav-Afrique 2014 kwa sababu haikuwa inalipa, na chupa za mwisho zikaisha muda Juni 2016. WHO wenyewe ni 2017 tu ndo waliingiza kung'atwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyotelekezwa, wakati wanakadiria watu kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa kila mwaka duniani. Sasa usitegemee zahanati ya karibu iwe nayo. Kwa Moshi una KCMC ambayo ni hospitali ya rufaa ya kanda, kwa upande wa Arusha wengi wanaijua kliniki iliyopo kwenye bustani ya nyoka ya Meserani, njia ya kwenda Dodoma, imewatibu sana wafugaji wa huko. Mnachoweza kufanya nyinyi ni kupiga simu mkiwa njiani na kuuliza kama dawa ipo, badala ya kufika, kuandikishwa, kusubiri, halafu kuambiwa haipo. Uwanja wa shangazi sasa wameshakubaliana gari la nani litaamshwa na namba yake imebandikwa mlangoni kwa kila mpangaji. Ni kitu kidogo ila kabla ya hapo kila mtu alidhani mwenzake anajua.

Turudi kwa nyoka. Asubuhi ile vijana wakaja na miti mirefu, wakabomoa lundo la tofali hatimaye, wakamkuta wakamuua. Sitawahukumu kwa kumuua, ni uwanja una watoto, ila namna walivyofanya nasema wazi ilikuwa kamari. Wapo zaidi ya watano wamesongamana, uso wazi, hakuna hata mwenye miwani, wakati helmeti ya dogo yenye kioo mbele ilikuwa inaning'inia palepale kwenye pikipiki. Huwezi kupata kinga bora ya mate ya swila kuliko kioo cha helmeti kikiwa kimeshushwa, na Moshi hii helmeti zipo kila kona. Halafu baada ya kumuua mtoto mmoja akamshika mkiani anapiga naye picha, mwingine anafungua mdomo kwa kijiti aone meno. Kichwa cha nyoka kinaweza kung'ata hata baada ya kukatwa, ni mshtuko wa misuli tu lakini sumu iko palepale. Unachimba shimo, unasukuma kwa koleo, unafukia.

Watu wakashangilia, meku akasema aliyemtuma ataumbuka, shangazi akalala usingizi. Afu haukupita muda mrefu kuku wakapiga kelele tena, na safari hii kaonekana mwingine, mdogo, kaingia chini ya stoo. Mtaa mzima ukageuka, sasa ikawa ni "mke wake amekuja kulipiza". Jamani. Nyoka hana ndoa, na wadogo wakishatoka kwenye yai kila mmoja anajitegemea akiwa tayari na sumu yake. Kilichomleta wa pili ni kile kile kilichomleta wa kwanza, na ndo nusu ya kisa ambayo haipo kwenye zile sauti za WhatsApp.

Swila ni mwenyeji wa hapa. Alikuwepo kabla ya skimu, kabla ya miwa, kabla ya babu zetu kushuka mlimani kutafuta mashamba ya tambarare. Mgeni hapo uwanjani ni panya. Yule anayekimbia darini, mweusi mweusi, mkia mrefu kuliko mwili, masikio makubwa, asili yake ni huko India, aliletwa na vyombo vya biashara pwani karne nyingi zilizopita na amepanda bara pamoja na mizigo yetu. Ana jamaa yake wa hapahapa, panya wa shambani mwenye matiti mengi, huyo anazaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo na ndo anayemaliza mbegu za mahindi shambani, lakini huyo wa kwetu anapenda chini, kwenye mashimo. Wa darini ni mpandaji. Kwa hiyo uwanja wa shangazi ulikuwa na jeshi mbili, moja kutoka mpungani linaingia chini ya mlango wa stoo, lingine linashuka kutoka juu, wote wanakula mahindi yaleyale na pumba ya kuku inayolala kwenye chombo usiku. Swila akipita kwenye mfereji anafuata njia ya panya kwa ulimi wake, anafika, anakuta panya, anakuta mayai, anakuta tofali zenye joto na uvungu. Wewe ungeondoka?

Ndo maana kuua nyoka mmoja mmoja kwenye uwanja wa namna hii ni kazi isiyo na mwisho, unatoa mpangaji chumba kinabaki kizuri vilevile. Na yule bundi sasa mrudisheni mezani. Chakula chake yule ni panya, karibu kila usiku, akiwa na makinda anabeba wengi zaidi. Watu walimuua mlinzi wa bure, wakanunua sumu iliyomuua paka, halafu wakashangaa panya wameongezeka. Sumu yenyewe sisemi isitumike kabisa, ila panya aliyekula sumu anaenda kufia popote, akiliwa na paka au bundi anaondoka naye, na ukiacha chakula kibaki wazi anakuja mwingine kujaza nafasi.

Kwenye kikao cha uwanja, maana shangazi hatimaye aliitisha kikao, kijana mmoja alitoa wazo nililopenda kulisikia ili nilipinge: tutafute nguchiro tuwafuge. Nguchiro wa kwetu yupo na anaua nyoka kweli, shida ni kwamba anapenda mayai na vifaranga kuliko swila mwenyewe. Na wapo waliolijaribu hili kwa ukubwa. Wajapani walileta nguchiro wa Asia kisiwani Okinawa 1910, wakaja kuwaachia wengine kama thelathini kisiwa cha Amami Oshima 1979, lengo wale nyoka wenye sumu wa kule wanaoitwa habu. Kumbe nguchiro anatembea mchana na habu anatembea usiku, hawakutani, nguchiro wakala sungura na ndege ambao hawapatikani kwingine duniani, na serikali yao ikahangaika kuwatoa Amami mpaka Septemba 2024 ndo ikatangaza wamekwisha. Tangu kuachia wanyama thelathini mpaka kutangaza wamekwisha, miaka arobaini na tano. Kikao kikaacha wazo la nguchiro.

Ubishi mkubwa haukuwa wa nyoka, ulikuwa wa nani analipa. Shangazi alitaka wapangaji wachange kwa sababu "wao ndo wanaotemewa", wapangaji wakasema shimo na dari ni la mwenye nyumba na kodi wanalipa. Dada wa maandazi, ambaye alikuwa hajaombwa radhi mpaka muda huo, alisema hachangi hata mia na kwa kweli hakuna aliyeweza kumjibu. Ikaishia shangazi ananunua vifaa, vijana wanatoa nguvu, na shangazi akamwomba dada radhi mbele ya watu wote, kwa maneno machache na macho pembeni, lakini aliomba.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tofali zimetolewa ukutani zimepangwa katikati ya uwanja juu ya miti, unaona chini yake mpaka upande wa pili, zinazofaa zikauzwa. Mahindi yalipukuchuliwa, yakakauka, yakaingia kwenye mapipa ya chuma yenye mfuniko wa kubana, hii ndo ilikuwa gharama kubwa na ndo iliyoleta mabadiliko makubwa. Banda limenyanyuliwa kutoka ardhini, na ule wavu wa kuku wenye matundu mapana ukavuliwa ukawekwa wavu wa chuma wa robo inchi, maana panya mdogo anapita tundu la kama sentimita moja na kidogo, na swila mchanga anapita panapopita kidole. Pumba inaingizwa ndani jioni, mayai yanaokotwa jioni badala ya asubuhi. Chini ya mlango wa stoo wamepigilia bati, pengo za paa zimezibwa kwa saruji na vipande vya wavu, na mitego ya kubana inawekwa kando ya ukuta ambapo panya anapita, sio katikati ya chumba kama watu wanavyofanya. Atakayesikia kuku usiku ni gambuti na tochi kubwa, na kuna helmeti chakavu ya dogo imetundikwa mlangoni kwa banda, unaivaa na kioo unakishusha kabla ya kuinama. Watu walicheka mwanzoni. Sasa hata watoto wakienda kuokota mayai wanagombania kuivaa.

Panya wamepungua, hilo kila mtu analiona kwa masikio, darini kumetulia japo sio kimya kabisa. Mayai hayapotei. Swila bado anaonekana mara mojamoja kwenye mfereji nje ya ukuta, anapita zake, na maadamu hakuna kinachomwita ndani mimi sioni sababu ya kumfuata kule kumtafutia kesi, panya wa mpungani anaowala ni wale wale wangekuja kwetu.

Lililobaki ni pagale. Shangazi amempigia simu mwenye kiwanja Dar mara kwa mara, anajibiwa vizuri tu, "shikamoo mama, nitamtuma mtu", na mtu haji. Suala limefika kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye ameahidi kuandika barua. Kwa sasa vijana wamefyeka ukanda wa mita kama tatu kando ya ukuta bila kibali cha mtu, na wamekubaliana bundi mwingine akija asipigwe, ingawa meku hilo hajalisaini.